Mashua Mliyokataa Kuishua: Maisha ya Marehemu Stefano Rai Chome, 1899–1958

Marehemu Stefano Rai Chome alizaliwa Kinango mwaka 1899, mwaka wa njaa kubwa. Siku na mwezi havikuandikwa, kwa kuwa mwaka huo watu walikuwa na mambo mengine ya kuhesabu. Miaka mingi baadaye, alipotakiwa kujaza fomu ya kazi, alijipa tarehe mosi Januari. Alisema ameona serikali inaipenda tarehe hiyo. Baba yake alikuwa Chome, Mduruma mfuga mbuzi. Mama yake alikuwa Mwanaima, Mdigo wa Kinondo, na huyu mama ndiye mwanzo wa balaa lote linalofuata, maana kaka yake alikuwa Boga, mvuvi, na Boga alikuwa na mashua.

Alisoma shule ya misheni huko Rabai kuanzia mwaka 1909 hadi 1914. Hesabu alizipenda. Nyimbo hazikumpenda: mwalimu wa kwaya alimwomba, kwa heshima zote, awe anafungua mdomo tu asitoe sauti, naye akatii miaka mitano. Huko ndiko alikobatizwa jina Stefano na kufundishwa useremala. Mwaka 1917 alichukuliwa kubeba mizigo ya vita vya watu wengine, akafika nayo hadi Lindi, akarudi mwaka 1919 na homa, pamoja na ahadi ya medali. Homa ilikuja kila mwaka. Medali bado inasubiriwa.

Kuanzia mwaka 1920 hadi tarehe 31 Desemba 1953 alifanya kazi katika karakana ya serikali huko Kwale, na kazi yake ilikuwa milango. Milango yake haikulia wala kukwama wakati wa masika. Wengi wenu mliohudhuria leo mmewahi kufukuzwa ofisini kupitia mlango wa marehemu, nao ulijifunga nyuma yenu taratibu, bila kelele. Aliagwa kwa mkono wa bwana mkubwa na shilingi elfu moja na mia nane.

Alifunga ndoa na Bi Hannah siku ya Jumamosi, tarehe 6 Septemba 1924, huko Kwale. Walijaliwa watoto watatu. Wawili waliwatangulia wangali wadogo. Aliyebaki ni Bi Kache, ambaye ameolewa Msambweni. Katika miaka thelathini na mitatu ya ndoa, Bi Hannah anasema waligombana kwa dhati mara mbili tu. Mara ya kwanza ilihusu mbuzi, na ya pili ilihusu Mwanapili.

Mwanapili si mwanamke, wala wenye midomo yao wasianze. Ni ile mashua ya Mzee Boga, iliyopewa jina la mkewe: futi ishirini na nane, iliyoundwa Mkwiro kabla ya vita vya kwanza, ikalisha nyumba nyingi za Kinondo, zikiwemo nyumba za baadhi ya watu wanaoitazama karatasi hii sasa kwa jicho la kujifanya hawajui kusoma. Kwa desturi ya Wadigo mali ya mjomba huenda kwa mpwa, mtoto wa dada. Boga alipofariki mwaka 1941, mashua ikawa ya marehemu, ikalala bandani Galu miaka kumi na mitatu, na mchwa wakaihudumia. Marehemu alipostaafu alihamia hapa Galu na mkewe, akafungua mlango wa banda, akaitazama. Bi Hannah anasema hakuwahi kutazamwa hivyo yeye, hata siku ya harusi.

Sasa tuseme kweli, kwa kuwa mazishi ndiyo mahali pekee tunapopanga uongo hadi ukafanana na sala.

Marehemu hakukimbilia kutengeneza chombo mwenyewe kwa ubahili, kama mnavyosema barazani. Mwezi Februari 1954 alikwenda Mkwiro kwa miguu yake, akamleta Fundi Mbwana Sefu, ambaye baba yake ndiye aliyeiunda Mwanapili. Fundi aliizunguka mashua mara mbili, akagonga mbao kwa vidole, akachungulia mkuku, yaani ule uti wa mgongo wa chini, akasema mkuku ni mzima, mengine yote ni kuni.

"Elfu moja mia moja na hamsini," akasema. "Mbao zangu, misumari yangu, pamba yangu. Na siku ya kushua, kilemba changu, shilingi mia."

"Bei sikatai, Fundi," akajibu marehemu. "Ila nami nishike kazi. Mikono ninayo."

"Mikono ya milango."

"Mbao ni mbao, Fundi."

"Mzee Rai, mlango ukivuja nani hufa? Wewe utaleta pesa, utaleta chai, utakaa mkekani. Nisikuone na randa karibu ya chombo hiki. Kazi hii ni ya nyumba yetu. Hata mkwe wangu sijamfundisha."

Hapo ndipo walipoachana. Marehemu hakuomba kupunguziwa hata senti. Aliomba aguse mashua ya mjomba wake, akaambiwa akae mkekani.

Kwa wageni waliotoka bara, jambo hili la kilemba lifafanuliwe. Chombo kikiisha kutengenezwa, fundi hupewa kilemba chake mbele ya watu, kisha husimama kichwani mwa chombo na kupiga ukelele. Wanaume wote wa pwani hiyo, awe rafiki au adui, hutia mabega, chombo kikaingia majini. Huko ndiko kushua. Fundi asipoita, hakuna anayesukuma. Desturi ni nzuri. Imewazuia wajinga wengi wasizame. Shida ni kwamba imewazuia pia wenye akili wasifikiri.

Siku ile ile marehemu alichukua kalenda ya mwaka uliopita, akaandika nyuma yake gharama ya kuifanya kazi mwenyewe: shilingi mia tatu na themanini. Bi Hannah aliisoma akiwa amesimama.

"Baba Kache, umesahau kuandika ujinga."

"Ujinga gani?"

"Wa kujifunzia. Nao hununuliwa, na si rahisi."

Mungu amweke, mwanamke huyu. Ujinga ulinunuliwa kwa jumla na kwa rejareja. Kwanza zilinunuliwa mbao zisizofaa, kutoka kwa mtu mmoja aliyeapa kwa mama yake kwamba ni mvule. Zilipokauka zilijikunja kama masikio ya mbuzi, na ikajulikana kwamba mama yake alikwisha kufa zamani, hana la kupoteza. Kisha zikanunuliwa mbao zenyewe. Kisha ikanunuliwa tezo, kwa kuwa randa haichongi mbao za kupinda, na tarehe 3 Agosti 1955 tezo hiyo ikamkata marehemu kidole cha shahada. Jirani mmoja Mwislamu alikuja kumpa pole, akaketi, akanywa kahawa, akasema, "Pole sana, Mzee Rai. Ila wewe kidole hicho hukuwa na kazi nacho." Marehemu alicheka wiki nzima, na kidonda kikachelewa kupona kwa sababu ya kicheko.

Kosa kubwa lilikuja mwaka 1956, na lilikuwa kosa la mtu aliyetengeneza milango miaka thelathini na mitatu. Aliziunga mbao zote za Mwanapili zikabana hata wembe haupiti. Akazipiga msasa. Fundi Mbwana alipita akielekea kwenye maziko ya mtu, akasimama, akapitisha mkono.

"Mashallah," akasema. "Umetengeneza kabati. Sasa tia nguo."

Watu wakacheka hadi wakashikana. Hakuna aliyemwambia kwa nini. Marehemu akaijaza mashua maji ya kisima kuijaribu, debe baada ya debe, na siku ya pili mbao zikaanza kuvimba. Hazikuwa na nafasi ya kuvimbia. Zikasukumana, misumari ikalia mmoja baada ya mwingine, na ubavu mzima wa kushoto ukatoka nje kama mdomo wa mtu aliyenuna. Ndipo alipoelewa kwamba mbao za chombo huachiwa upenyo, upenyo ukajazwa pamba iliyolowa mafuta, bahari yenyewe ikamaliza kufunga. Jambo hili linasemwa kwa maneno kumi. Mlijua, kila mmoja wenu mwenye ngalawa. Mlisubiri aambiwe na misumari.

Akazing'oa mbao kumi na moja. Akaanza upya, akiwa na umri wa miaka hamsini na saba na vidole tisa. Alikwenda Msambweni, alikwenda Gazi, akakaa mbali kidogo akiwatazama watu wakitia pamba vyombo vyao, kama mwizi anayesoma nyumba. Akarudi na kufanya walivyofanya. Akapaka mafuta ya papa, ambayo harufu yake ilimfanya Bi Hannah amhamishie ukumbini miezi miwili. Chini akapaka deheni ya shahamu na chokaa ya moto. Mwezi Novemba 1957 akaijaza tena maji, siku tatu. Nje halikutoka hata chozi.

Kwa wale wanaoshinda kwenye baraza za Kona ya Musa wakisema kwamba mzee alifilisika kwa ukaidi, hesabu ni hii, nayo imeandikwa kwa mkono wake. Fundi angechukua elfu moja mia mbili na hamsini, kilemba ndani. Kwa mikono yake mwenyewe marehemu alitumia elfu moja mia sita na kumi na mbili. Ndiyo: zaidi kwa mia tatu sitini na mbili, na kidole. Tungeweza kuwadanganya kwamba alifaidi. Hakufaidi. Anayekwambia kwamba kujitengenezea ni rahisi, ama hajawahi kutengeneza au anakuuzia mbao. Lakini kwa fedha hizo alinunua kitu ambacho Fundi hakukitia kwenye bei yake, nacho ni kuamka kila asubuhi akijua anakokwenda. Wako wastaafu wa serikali humu ambao wangelipa mara mbili.

Lililokuwa limebaki lilikuwa mabega yenu tu.

Tarehe 9 Desemba 1957, siku ya bamvua, maji yakiwa makubwa, aliwaita. Mlikuja wanaume sitini na wawili. Mbuzi wawili walichinjwa na jirani yetu Mwislamu ili kila mtu ale kwa moyo mweupe, na mkala kwa moyo mweupe kweli. Kisha mkatazamana, mmoja akakumbuka ana mgonjwa, mwingine akakumbuka ana ng'ombe, na banda likabaki na mashua na mifupa. Tarehe 7 Januari aliwaita tena. Mlikuja arobaini, mkala. Tarehe 6 Februari mlikuja kumi na wanane, na mlikuja kwa sababu ya harufu. Majina yapo, lakini karatasi ni ndogo, na padri ametuomba.

Na kwa nini? Kwa sababu Fundi Mbwana alisema hadharani, "Chombo kisichopita mikononi mwa fundi hakina wa kukishua." Kila mwenye ngalawa akapiga hesabu yake moyoni: kesho na mimi nitamhitaji Fundi. Basi mkamwacha mzee asimame ufukweni akiwa amevaa kanzu aliyoazima ili asiwaudhi Waislamu, akiwaangalia mnavyorudi nyumbani kwenu mnachokonoa meno.

Marehemu alikuwa na ugonjwa wa ngiri kwa muda mrefu. Alimficha mkewe, na mkewe alimficha kwamba anajua. Tarehe 20 Februari mwaka huu, bamvua ya mwezi mwandamo, alipanga magogo ya mnazi chini ya mashua akaisukuma mwenyewe, pamoja na Bi Hannah, mpwa wake, na mlevi mmoja aliyepita akadhani ni lori limekwama. Watu wanne waliisogeza mashua ya futi ishirini na nane hatua sita. Hatua sita! Imesimama hapo hapo hadi leo, mlango wa banda ukiwa nyuma yake. Kisha marehemu akaketi mchangani akasema ameketi kupumzika tu.

Tarehe 26 Februari alipelekwa hospitali ya Msambweni, akapasuliwa, na wauguzi walimtunza kwa wema, nasi jamaa tunawashukuru. Tumbo lilikuwa limekwisha kuharibika. Mnamo tarehe 2 Machi alitembelewa na Fundi Mbwana Sefu, aliyekuja na machungwa sita. Haya yanaandikwa kwa sababu Bi Hannah alikuwa ameketi upande wa pili wa kitanda, na yeye hasahau neno.

"Shikamoo, Mzee Rai."

"Marahaba, Fundi. Umepita Galu?"

"Nimepita."

"Umeiona?"

"Nimeiona. Nimeingia chini yake."

"Itavuja?"

Fundi alimenya chungwa zima kabla ya kujibu. "Haivuji. Ubavu wa kushoto, baba yangu asingeufanya zaidi ya hivyo."

"Basi nenda kaseme nje."

"Nje siwezi, Mzee. Nikisema nje, kesho kila mwenye randa atakuwa fundi. Nina wanangu wanaokula kwa tezo hii."

"Sikunyimi haki, Fundi. Mimi mwenyewe nimetumia zaidi ya bei yako."

"Najua. Watu wote wanajua."

"Basi hasara yangu ndiyo tangazo lako. Waambie wakutafute wewe. Ila mashua yangu waambie haivuji."

Fundi aliinama, akampa kipande cha chungwa, akaondoka. Marehemu alifariki tarehe 4 Machi 1958, siku ya Jumanne, saa tatu asubuhi. Neno la Fundi lilikuwa bado halijatoka nje. Sasa limetoka, limepigwa chapa, na kila mtu analo mkononi.

Na kama mnadhani hasira ya karatasi hii imekwisha, ngojeni. Jana, Jumatano, kabla jeneza halijapigwa msumari, mdogo wa marehemu, Bwana Ngala, alipokea shilingi mia mbili za mwanzo kutoka kwa mzungu mwenye hoteli ya makuti huko Diani. Mzungu huyo anaitaka Mwanapili. Ataikata katikati, aiweke chini ya minazi, iwe meza ya kuuzia pombe. Alipoelezwa kwamba mashua ni nzima na inaelea, alisikitika kidogo. Alisema isiyoelea ndiyo rahisi kubeba. Lori litakuja kesho Ijumaa, saa mbili asubuhi.

Bwana Ngala alipoulizwa, alisema, "Haikushuliwa na hamtaishua. Mnataka ioze tena miaka kumi na mitatu?" Tunamjibu kwa heshima ya umri wake. Kwanza, si yake: ilitoka kwa mjomba kwenda kwa mpwa, na sasa inakwenda kwa mpwa tena, mtoto wa Bi Mbeyu, dada yao. Pili, zile mia mbili zimewekwa ndani ya bahasha, na bahasha iko mkononi mwa padri, Bwana Ngala aichukue kwake akairudishe. Tatu, kuhusu kuoza, amesema kweli. Chombo kilichopakwa deheni kikikaa juani bila maji hufunguka upenyo wote. Mwanapili iko juani tangu tarehe 20. Ikikosa bamvua hii, yote aliyoyafanya kwa miaka minne yanakuwa kuni, na mzungu ndiye atakayekuwa ametufanyia hisani.

Marehemu ameacha mjane, Bi Hannah. Binti, Bi Kache, na wajukuu wanne. Dada, Bi Mbeyu. Mdogo wake, Bwana Ngala, ambaye bado ni wetu hata tukitamani iwe vingine. Na mpwa wake, Garama, aliyerudi kutoka chuoni bila cheti na aliyekabidhiwa kuyasoma haya kwa kuwa wenye vyeti walikataa.

Leo ni Alhamisi, tarehe 6 Machi, siku ya pili baada ya mwezi mpevu. Maji yatajaa saa kumi na nusu, nayo ni makubwa kuliko ya Februari. Hapa kaburini wamehesabiwa wanaume mia moja na kumi. Shilingi mia za kilemba zimo ndani ya kitambaa cheupe kilichofungwa kichwani mwa mashua. Fundi Mbwana, ni zako. Familia haikupi kwa kuitengeneza, maana hukuitengeneza. Inakupa kwa kuita. Ukiita, utakuwa fundi aliyekubali kazi nzuri ya mtu mwingine, na biashara yako haitakufa kwa hilo. Usipoita, Bi Hannah ataita mwenyewe, na sauti yake mnaijua.

Hakuna chakula leo. Hakuna mbuzi. Mlikwisha kula.

Bi Hannah aliombwa aongeze neno la mwisho katika karatasi hii, jambo la faraja. Alifikiri kidogo akasema, "Waambie wakimaliza kumfukia wasinawe. Waje na udongo wake mikononi."

Apumzike Stefano kwa amani, yeye amekwisha kusukuma. Njia ya ufukweni ni ile ya kushoto, nyuma ya muhogo.